Kabla hujalipeleka jambia la babu kwa fundi wa grainda

Katika nyumba nyingi za Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta kuna chuma cha kale kimelala. Kiko juu ya kabati, chini ya kitanda, ndani ya sanduku la mbao lililofungwa kwa kamba ya katani. Pengine ni jambia ambalo babu alilivaa siku ya harusi yake, pamoja na joho na kilemba. Pengine ni sime ya mzee aliyelinda mifugo nyikani, au singe ya askari iliyookotwa wakati wa kulima upande wa Maktau.

Mzee akishafariki na arubaini ikapita, vitu hivi huibuka. Mmoja katika warithi, tena kwa nia njema kabisa, hukichukua kile chuma chenye kutu na kukipeleka kwa fundi wa jua kali. Fundi naye anajua kazi yake. Anawasha grainda, cheche zinaruka, na baada ya dakika tano anakabidhi kitu kinachong'aa kama kijiko kipya. Familia inafurahi. Kile ambacho hawakukijua ni kwamba pamoja na kutu kimeondoka kitu ambacho hakuna fundi duniani anayeweza kukirudisha.

Makala haya ni kuhusu kitu hicho. Nataka tuelewe kwa nini vyuma vingine vya kale huwa na michoro ndani yake, watu wa Java kule Indonesia wanaitunza vipi michoro hiyo kwa dawa, dawa hiyo ina hatari gani, na sisi wa huku tufanye nini na vyuma vyetu.

Chuma hiki kilifikaje hapa?

Kabla ya reli, misafara ya Mombasa ilikatiza Taita hadi Taveta, na kutoka hapo ikaelekea Kilimanjaro na Umasaini. Mwaka 1848 mmishonari Johannes Rebmann alipopita njia hiyo, aliongozwa na Bwana Kheri wa Mombasa, mtu wa misafara aliyeifahamu njia vizuri. Wafanyabiashara wa pwani walibeba nguo, shanga na senyenge, yaani nyaya za chuma, ambazo wahunzi wa bara waliweza kuziunganisha pamoja motoni na kuzifua upya. Silaha nazo zilisafiri humo humo.

Ikaja reli ya Uganda mwishoni mwa karne ya 19, na pamoja nayo watu wa pwani, Wahindi na Waarabu wakaanzisha maduka na makazi hapa Voi. Kisha vita. Mwezi Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Waingereza wakajenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea huko, na tarehe 12 Februari 1916 wakapigana katika kilima cha Salaita, wakiwa na askari kutoka Afrika Kusini na kikosi cha Wabaluchi kutoka Bara Hindi. Kila aliyepita aliacha chuma.

Upande wa pili wa mpaka, katika milima ya Upare, wahunzi walikuwa wakiyeyusha mchanga wa chuma tangu zamani. Ugweno kulikuwa na ukoo mzima wa wahunzi, Washana, ambao masimulizi ya Wapare yanasema walitawala nchi ile kabla ya ukoo wa Wasuya kuwaondoa. Chuma cha Upare kiliuzwa kwa majirani wote, Taveta ikiwemo. Kwa hiyo sime unayoiona ukutani huenda ilianza kama mchanga katika kijito cha Ugweno, au kama senyenge iliyoshushwa melini Mombasa.

Johari iliyo ndani ya chuma

Neno johari sisi tunalitumia kwa kito cha thamani. Kwa Waarabu na Waajemi, jauhar ni kito, na pia ni jina la ule mchoro wa mawimbi unaoonekana ndani ya upanga mzuri. Jina jingine la mchoro huo kwa Kiarabu ni firind. Katika karne ya 9, mwanafalsafa al-Kindi wa Baghdad aliandika risala nzima kuhusu panga kwa ajili ya khalifa, akizipanga kwa aina za chuma chake. Elimu hii basi si ngeni katika ulimwengu wa Kiislamu.

Mchoro huo haukupakwa rangi wala haukuchongwa kwa patasi. Umo ndani ya chuma chenyewe, kama mishipa ya ubao ilivyo ndani ya mninga. Na unaweza kutokea kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya Java. Huko hutengenezwa jambia linaloitwa keris, lenye ubapa ulionyooka au uliopinda kama nyoka anayetambaa. Mhunzi huchukua chuma cha kawaida na chuma chenye nikeli, anavipasha moto mpaka viwe vyeupe, anavigonga vishikane, anakunja, anagonga, anakunja tena. Akina mama wanaopika chapati za kukunja wataelewa haraka: kila ukikunja, tabaka zinaongezeka, na kila tabaka hubaki mahali pake. Katikati huwekwa chuma cha pua ili kupata makali. Tabaka hizo za nikeli ndizo zinazoleta mchoro, nao Wajava wanauita pamor. Zamani sehemu ya nikeli ilitoka Sulawesi, na kuna nyingine iliyotoka angani hasa: kimondo kilichoanguka karibu na Prambanan katika karne ya 18 kilipelekwa kwenye kasri la Surakarta, na vipande vyake vikafuliwa keris.

Njia ya pili ni ya Bara Hindi, Sri Lanka na Uajemi. Chuma huyeyushwa ndani ya chungu kidogo cha udongo kilichofungwa, pamoja na majani au vipande vya mti vinavyotoa kaboni. Kinapopoa polepole, kaboni hujipanga kwa mistari. Kikifuliwa kwa uangalifu, mistari hiyo hugeuka kuwa mawimbi. Hicho ndicho chuma cha panga mashuhuri ambazo Wazungu walizipa jina la Damascus.

Njia ya tatu ni ya kwetu, na ndiyo isiyosifiwa. Wahunzi wa Afrika Mashariki walioyeyusha chuma kwa makaa na mivukuto hawakupata kimiminika safi. Walipata donge lililochanganyika na mavi ya chuma, wakaligonga na kuligonga mpaka takataka nyingi zikatoka. Kiasi kidogo kilibaki, kikavutwa na nyundo kuwa nyuzi ndefu nyembamba. Ndiyo maana sime ya kale kweli kweli, ukiiangalia kwenye mwanga wa pembeni, huwa na mistari kama ya ubao. Sime iliyofuliwa kwa springi ya gari haina mistari hiyo, kwa sababu chuma cha kiwandani ni sawasawa kote.

Mistari hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha chuma. Inakuambia kilitoka kwenye tanuri la aina gani na kilikunjwa namna gani. Sasa fikiria grainda inapita juu yake.

Wajava wanavyoifichua

Nimeichagua Java kwa sababu wao ndio waliotunza kazi hii kwa ukamilifu mpaka leo. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza keris kuwa moja ya kazi bora za turathi za wanadamu, na mwaka 2008 ikaingizwa rasmi katika orodha yake ya turathi zisizoshikika. Sababu nyingine ni kwamba vifaa vyao vingi viko jikoni mwetu. Watu wa visiwa vile na watu wa pwani hii wanaunganishwa na bahari moja: lugha ya Madagaska ina asili ya huko, na mnazi wenyewe ulitujia kwa njia ya Bahari Hindi.

Kazi hiyo hufanywa hasa katika mwezi wanaouita Suro, ambao ndio Muharram yetu. Mwaka 1633 Sultan Agung wa Mataram aliiunganisha kalenda ya kale ya Java na ile ya Hijria, na tangu hapo mwaka wao huanza na mwezi huo. Kasri na familia hutoa keris zao na kuziosha. Wapo wanaozifukizia ubani na kuziamini kuwa na nguvu zake. Hilo ni jambo ambalo Waislamu wa huko wenyewe wanajadiliana, na si shughuli ya makala haya. Hapa tunaangalia kazi ya mikono.

Kazi ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuifanya keris iwe nyeupe. Ubapa hutolewa kwenye mpini, ukalowekwa katika maji ya nazi ili kutu na mafuta ya zamani yalegee. Kisha husuguliwa kwa ndimu na kwa tunda fulani linalotoa povu kama sabuni, mara nyingi, polepole, mpaka chuma kiwe cha kijivu cheupe. Husuuzwa kwa maji safi na kukaushwa kabisa. Hakuna tupa wala msasa. Asidi hafifu ya nazi na ndimu inakula kutu na kugusa chuma kidogo tu.

Ya pili ni kuitia rangi. Dawa yake huitwa warangan, nayo ni jiwe lenye aseniki lililosagwa na kuchanganywa na maji ya ndimu. Fundi huupaka ubapa kwa brashi au vidole, au huuzamisha katika chombo kirefu, huku akiangalia kwa makini. Chuma huanza kugeuka: kwanza kijivu, kisha bluu iliyokolea, kisha cheusi. Nikeli haikubali rangi hiyo. Inabaki nyeupe kama fedha. Hapo mchoro uliokuwa umejificha unatokea, mweupe juu ya mweusi. Fundi akiona umefika, anausuuza mara moja, anaukausha, kisha anaupaka mafuta yenye harufu ya sandali au asumini.

Kwa hiyo dawa haichori chochote, inatenganisha tu. Kila metali inajibu kwa namna yake, na tofauti ya majibu hayo ndiyo picha. Ukimpa fundi kisu cha springi ya gari akitie warangan, kitageuka cheusi kote na hakuna mchoro utakaotokea, kwa kuwa haukuwemo.

Jambo hili lina faida hata kwa mnunuzi. Siku hizi mitandaoni huuzwa visu vyenye mawimbi mazuri kwa bei ya kutupa. Vingine vimechapwa mchoro juu tu kwa asidi au kwa miale ya leza. Mchoro wa kweli hufuata umbo la kisu, hupinda panapopinda, na ukikwaruzwa na kupakwa asidi hafifu hurudi vile vile. Wa kuchapwa ukikwaruzwa umekwisha.

Usiijaribu warangan nyumbani

Nasema kwa herufi kubwa, ijapokuwa mhariri hataziweka: aseniki ni sumu. Kiasi kidogo kikiingia tumboni kinaweza kuua. Kikiingia kidogo kidogo kwa muda mrefu, kwa vumbi, kwa maji au kwa chakula kilichoguswa na mikono isiyooshwa, kinasababisha saratani. Tena aseniki ikikutana na asidi na chuma inaweza kutoa gesi yenye sumu kali zaidi. Na maji ya kusuuzia yakimwagwa uani, sumu haiozi. Inabaki kwenye udongo ambako kuku wanachakura na watoto wanacheza.

Mafundi wa Java wamerithi kazi hiyo kwa vizazi, na hata wao wana hatari yao. Wewe uliye Sofia au Mwakingali hapa Voi, usimwagize mtu akuletee dawa hiyo, wala usijaribu kuibuni kwa dawa za wadudu au za kuogeshea mifugo.

Vile vile kuna njia za mkato ambazo vijana wetu wanazijua. Moja ni maji ya betri ya gari, yaani asidi ya salfa. Inakula kutu, halafu inakula chuma, halafu inakula vidole. Nyingine ni kloridi ya feri, ile ambayo mafundi wa umeme huitumia kwenye bodi za shaba. Baadhi ya watengenezaji wa visu vipya duniani huitumia kuonyesha mchoro, nayo hufanya kazi. Lakini kwenye chuma cha kale chenye vitundu vya kutu, kloridi hubaki ndani ya vitundu, na kloridi ndiyo ile ile iliyomo katika chumvi ya bahari. Baada ya miezi kutu inarudi kwa hasira mpya.

Hapa tuna bahati moja ambayo wenzetu wa Mombasa na Lamu hawana. Voi ni kukavu na bahari iko mbali. Jambia lililokaa miaka hamsini Voi kwa kawaida litakuwa na hali bora kuliko lililokaa Mji wa Kale ambako upepo una chumvi. Wundanyi ni habari nyingine: ukungu wa milimani huleta unyevu, na chuma kinahitaji kuangaliwa mara kwa mara.

Ufanye nini basi?

Kwanza, piga picha. Piga pande zote mbili ukiweka rula pembeni, kisha karibu na mpini ambako mara nyingi kuna alama ya mhunzi au maandishi. Andika alikuwa wa nani, alilipata wapi, na nani alikusimulia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jambia lisilo na historia yake ni chuma tu.

Pili, vaa glavu au shika kwa kitambaa. Jasho la mkono lina chumvi, na alama za vidole huja kuonekana kama kutu baada ya wiki chache.

Tatu, tofautisha kutu na rangi ya uzee. Kutu nyekundu inayotoka unga ukigusa ni ugonjwa unaoendelea. Rangi nyeusi au kahawia iliyokolea, laini, iliyoshika vizuri, ni ngozi ya chuma. Inakilinda. Hiyo usiiguse hata kama haipendezi machoni pako.

Nne, ondoa kutu nyekundu pekee. Weka tone la mafuta ya cherehani, acha usiku mzima, kisha kwangua polepole kwa kijiti cha mwanzi au mti laini, na ufute kwa kitambaa cha pamba. Rudia siku ya pili na ya tatu. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii methali hiyo ni kanuni ya ufundi. Usitumie waya wa kusugulia sufuria, brashi ya waya wala msasa. Na usinoe makali: jambia la kale halichinji kuku.

Tano, kama familia inataka chuma kiwe cheusi vizuri, ipo rangi isiyo na sumu, nayo iko kwenye birika. Chai ya rangi iliyokolea sana ina tanini. Tanini ikikutana na chuma huleta rangi nyeusi yenye bluu. Ndiyo kanuni iliyotumika kutengeneza wino mweusi wa kale wa Ulaya na Mashariki ya Kati, na wahifadhi wa makumbusho hutumia asidi ya tanini kutuliza kutu. Magome ya mikoko ya pwani yetu yalisafirishwa ng'ambo kwa ajili ya tanini hiyo hiyo, kutengenezea ngozi. Futa mafuta yote kwa spiriti, paka chai iliyopoa kwa kitambaa, acha ikauke, rudia. Anza na sehemu ndogo karibu na mpini uone matokeo. Fanya hivi kwa sime ya kawaida ya shamba tu. Kama unashuku chuma chako kina johari, au kina maandishi, usipake chochote zaidi ya mafuta mpaka mjuzi akione.

Sita, kihifadhi. Paka mafuta ya cherehani kiasi kidogo sana, au nta. Usipake samli wala mafuta ya kupikia, kwani huganda na kunata vumbi. Usikiache ndani ya ala ya ngozi moja kwa moja, kwa sababu dawa za kutengenezea ngozi na unyevu wake hula chuma. Ala iwekwe kando yake. Kikague kila baada ya miezi sita.

Nataka pia niwe mkweli ili mtu asivunjike moyo: majambia mengi ya Kiarabu yaliyoko pwani hayana mchoro wowote. Ni chuma cha kawaida chenye mgongo katikati, na uzuri wake uko kwenye ala na fedha yake. Hata hivyo huwezi kujua mpaka uangalie, na huwezi kuangalia kilichokwisha kusagwa.

Wala tusidhani habari za chuma bora ni za ng'ambo pekee. Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi aliandika kwamba watu wa Malindi na Mombasa walikuwa na machimbo ya chuma. Profesa Chapurukha Kusimba na wenzake, walipochunguza vipande vya chuma kutoka magofu ya pwani yetu, walikuta huko Galu, Kwale, chuma cha pua kilichoyeyushwa chunguni, jamaa wa kile chenye johari. Yeye na Sibel Kusimba wamechunguza pia nchi hii ya Tsavo na kuonyesha jinsi watu wake walivyofungamana na pwani kibiashara kwa karne nyingi. Ushahidi wa aina hiyo hupatikana kwa kukata kipande kidogo na kukiangalia kwenye hadubini. Kipande kilichokwenda kwa muuza vyuma chakavu hakina tena la kusema.

Sheria inasemaje?

Tunaishi mlangoni mwa Tsavo, kwa hiyo hili ni muhimu. Majambia ya zamani ya thamani yalikuwa na mpini wa pembe ya kifaru, na mengine ya pembe ya ndovu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumiliki vitu hivyo bila kibali cha KWS, na adhabu yake ni kali mno. Kusema ni urithi wa babu si kibali. Ukiwa na shaka kuhusu mpini, tafuta ushauri wa wakili kisha uende kwa KWS wewe mwenyewe kabla hujajaribu kuuza, kusafirisha au hata kutangaza picha mtandaoni.

Aidha, Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 kuwa ni kitu cha kale. Huruhusiwi kukitoa nje ya nchi bila kibali. Mtalii akikupa dola kwa sime ya babu yako, jua kwamba huenda nyote wawili mnaingia kwenye kosa.

Kuhusu mafuta ya sandali: msandali unaomea katika vilima vyetu ni mti tofauti na ule wa Indonesia, na kuuvuna kulipigwa marufuku mwaka 2007. Mafuta ya cherehani yanatosha.

Na mwisho katika hili, wale wa Maktau, Mbuyuni na Salaita: singe si hatari, ila kombora ni hatari. Ukiona chuma cha mviringo kilichochongoka shambani, usikigonge, usikibebe, usikipeleke kwa kilo. Ita polisi.

Neno kwa wenye dhamana

Fort Jesus walishughulikia na kuhifadhi vitu vilivyotolewa kwenye meli ya Kireno Santo Antonio de Tanna, iliyozama Mombasa mwaka 1697. Ujuzi wa kutunza chuma kilichokaa baharini karibu karne tatu haushindwi na jambia la Voi. Kinachokosekana ni daraja kati ya maabara na sebule zetu. Kaunti ya Taita Taveta ingeweza kuwaalika wataalamu hao siku mbili tu kwa mwaka, mmoja Voi na mmoja Taveta, wananchi walete vyuma vyao vipigwe picha, viandikwe na virudi nyumbani na wenyewe. Familia zina haki ya kuogopa kwamba serikali ikiona itachukua, na hofu hiyo haitaondoka kwa hotuba. Itaondoka watu wakiona mzee wa jirani amekwenda na sime yake asubuhi na amerudi nayo jioni.

Na mafundi wetu wa jua kali wasionekane kuwa maadui katika habari hii. Fundi husaga kwa sababu mteja amemwambia asage. Mikono iliyozoea chuma ndiyo inayojifunza haraka kukitunza, na kijana wa karakana akionyeshwa kazi ya kijiti na mafuta, ataongeza huduma nyingine kwenye bango lake. Java imejenga heshima na riziki juu ya kazi hiyo hiyo.

Mpaka hapo, ombi langu ni dogo. Ukifungua sanduku na kukuta chuma cha kale, kitoe nje asubuhi, kigeuze polepole kwenye jua la pembeni, uangalie kama kuna mistari. Kisha umuulize mkubwa aliyebaki katika ukoo, kabla naye hajaondoka, kilikuwa cha nani.